Bomba Lililopita Chini ya Mafiga

Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano wa wakazi wa Ruiru uliohusu historia ya maji katika mji wetu. Mzungumzaji, kijana msomi ambaye sina ugomvi naye binafsi, alisoma kutoka nakala ya faili ya zamani ya ofisi ya mji. Alisema kwamba katika miaka ya hamsini akina mama waliopika chakula cha kuuza walikataa maji ya bomba, na kwamba serikali ya wakati ule iliwalazimisha kuyapokea kwa faida yao wenyewe. Akatoa mfano wa jiko moja. Katika safu ya maoni, alisema, faili ya jiko hilo ina mistari miwili tu. Wa kwanza unasema: "Mwenye jiko amekataa maji." Wa pili, chini yake, unasema: "Maji yapo." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuwahurumia wazee wao.

Mimi sikucheka. Mistari hiyo yote miwili niliiandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza cha ofisi, na mwenye jiko alikuwa dada mdogo wa mama yangu. Niliinua mkono ili niseme. Mwenyekiti akasema muda umekwisha na chai iko tayari. Nilitumikia ofisi za umma kwa muda mrefu wa maisha yangu, na sijazoea kuona kumbukumbu ikieleweka vibaya mbele ya mtu aliyeiandika, huku yeye akinyimwa nafasi ya kuisahihisha. Ndiyo sababu ninaandika haya.

Wakati huo nilikuwa karani wa daraja la chini katika idara ya ujenzi na maji, Thika. Nilikaa Makongeni katika chumba cha wanaume wasiooa, na kila Jumamosi baada ya kazi nilipanda baiskeli hadi Ruiru kumwona tata. Tata ndilo jina letu Wakikuyu la dada wa mama. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa ameacha kiwanja kidogo karibu na njia ya reli, chenye nyumba ya mbele ya vyumba viwili na jiko lililojitenga nyuma, la kuta za mawe ya kuchonga na paa la bati. Katika jiko hilo tata alipika chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya kahawa. Wanaume walikula nje, kwenye mabenchi chini ya kipaa cha bati. Kibali cha kupika kilitolewa upya kila mwaka. Bila kibali hicho, tata asingekuwa na sababu ya kukaa mjini mbele ya macho ya wakubwa. Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni dhidi ya Mau Mau ilikuwa haijaondolewa rasmi, ingawa amri nyingi zilikuwa zimelegezwa, na mwanamke asiye na kazi iliyoandikwa aliweza kurudishwa alikotoka. Alikotoka kulikuwa kijiji alimopangiwa shemeji yake, ambako angepewa kona ya chumba cha mtu mwingine. Aliwahi kuishi katika kona hiyo miaka miwili. Alinieleza jambo hilo mara moja tu, na hakulirudia.

Maji aliyachota kwenye bomba la umma lililokuwa kando ya barabara, na lilipokauka aliteremka mtoni. Aliyabeba mgongoni kwa pipa dogo la bati, mkanda wa ngozi ukipita juu ya paji la uso. Alama ya mkanda huo ilibaki kwenye paji lake hadi alipozikwa.

Kisha ikaja amri. Bwana Afya, kama tulivyomwita mkaguzi wa afya, Mzungu mrefu aliyetembea na daftari lililofungwa kwa mpira, alipita katika majiko yote ya kuuza chakula. Katika fomu ya tata aliandika kwamba kabla ya kibali kutolewa upya, jiko liwe na maji ya bomba ndani, sinki, na njia ya kutoa maji machafu. Alimpa miezi mitatu. Jambo lililokuwa mezani halikuhitaji maelezo zaidi. Maji yakiingia jikoni, tata angebaki Ruiru. Yasipoingia, angerudi kwenye ile kona.

Tata aliipokea habari hiyo kwa furaha, na ninataka ieleweke hivyo. Nilipomsomea fomu, alikwangua vumbi kwenye meza kwa ukucha. Kisha akasema, "Kwa hiyo nitafungua tu, na yatoke?"

"Yatatoka, tata."

"Ndani? Nikiwa nimesimama?"

"Ukiwa umesimama."

"Basi mwambie huyo Bwana Afya miezi mitatu ni mingi mno."

Huyo ndiye mwanamke ambaye kumbukumbu inasema alikataa maji.

Ombi la kuunganishiwa maji lilihitaji mchoro. Ofisi yetu ilikuwa na mchoro mmoja wa jiko, uliochapishwa kwenye karatasi ya buluu na kupigwa muhuri, nao ulitumika kwa majiko yote. Ulichorwa kwa ajili ya nyumba za maofisa wa Kizungu. Ulionyesha chumba cha mraba, mlango kusini, jiko la chuma likiegemea ukuta wenye bomba la moshi, na sinki upande wa pili. Bomba la maji liliingia kwenye kona ya mbele, likakata sakafu kwa mshazari na kutokea chini ya sinki. Kazi ya karani ilikuwa kujaza vipimo katika nafasi zilizoachwa wazi. Nilikwenda Ruiru na uzi wenye mafundo, nikapima urefu na upana wa jiko la tata kutoka nje. Dirisha nililipima kwa kunyoosha mkono.

Msomaji wa leo atauliza kwa nini sikuingia ndani. Nilikuwa mwanamume mzima aliyetahiriwa, na katika malezi yetu mwanamume wa umri wangu hakai jikoni kwa mwanamke, achilia mbali kupitapita karibu na moto wake akiwa na uzi mkononi. Tangu nilipoota ndevu, tata aliniletea chakula katika nyumba ya mbele. Nilijua kwamba moto wake uko katikati ya sakafu, juu ya mafiga matatu, kama ulivyo moto wa kila mwanamke wa rika lake. Lakini mchoro wa ofisi haukuwa na nafasi ya kuandika mafiga. Kisichokuwa na nafasi katika fomu sikukiandika.

Tata alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akinitazama nikizunguka ukuta.

"Karani," alisema. Aliniita hivyo alipotaka kunitania. "Hilo bomba litapita wapi?"

"Litapita mahali palipochorwa."

"Aliyechora amewahi kuniona nikipika?"

"Hapana, tata."

"Amewahi kumwona mke wake akipika?"

"Wao wana wapishi."

"Ha. Basi amemchorea mpishi wake," akasema, akarudi ndani kuchochea moto. Nililichukulia kuwa mzaha. Pembeni mwa mchoro niliandika kwamba mwenye nyumba amejulishwa.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa Mkamba wa makamo kutoka mashariki ya Thika, mtu wa kanisa, aliyejifunza bomba jeshini wakati wa vita. Kwa mikono hakuwa na mwenzake. Nilimwona akikata hesi, ile mikato ya kuzungushia kiungo, kwenye ncha ya bomba la chuma, akiimwagia mafuta kidogo, akiipangusa na kuitazama juani kama mtu anayekagua jino. Kila kiungo alikizungushia nyuzi za katani, akazipaka rangi nzito nyekundu, kisha akakaza. Katani aliipata bure, kwa kuwa mashamba ya mkonge yalianza karibu tu na mji. Alifanya kazi kwa uangalifu, na alikuwa na heshima moja iliyonigusa: hakukiuka karatasi yenye muhuri. Aliniambia jeshini aliona mtu akifungwa kwa kuhamisha choo futi mbili.

Alifika Ruiru siku ya Jumatano tata akiwa sokoni. Moto ulikuwa umefunikwa majivu. Akachimba mfereji kutoka kona ya mbele, kwa mshazari, kama mchoro ulivyosema. Sakafu ilikuwa ya maramu, udongo mwekundu wa changarawe, iliyoshindiliwa, na chini yake, baada ya shubiri moja, kulikuwa na mwamba, kwa hiyo hakuweza kwenda chini zaidi. Katikati ya safari yake akakutana na mafiga.

Baadaye alinieleza jinsi alivyofikiri, akiwa ameketi kwenye sanduku lake la vyombo, nami nimeuandika mfululizo wa mawazo yake kama alivyousema.

"Mimi nikaona hii mawe, nikasimama. Nikasema, hii ni mawe ya mama ya watu. Kwetu huwezi kushika. Hata kwenu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mama hayuko. Nani atanipa ruhusa? Basi nikasema, nizunguke. Nikaangalia karatasi. Karatasi inasema, pita hapa. Iko muhuri. Nikizunguka, nimeharibu karatasi ya serikali. Nikisukuma mawe, nimeharibu nyumba ya mama."

"Ukafanya nini?"

"Nikapita chini. Nikatoboa kama fuko, hata jiwe moja haikutingika. Sikuharibu kitu ya mtu."

Hakuharibu cha mtu yeyote. Karatasi iliheshimiwa, na mafiga pia. Matokeo yake yalikuwa bomba la chuma lililopita shubiri moja chini ya moto uliowaka tangu alfajiri hadi saa tisa kila siku ya kazi. Na kwa kuwa bomba lilikuja kwa vipande, kiungo kimoja, chenye katani na rangi yake, kilikaa chini kabisa ya makaa.

Tata aliporudi kutoka sokoni alikuta mafiga yake mahali pake na koki ikining'inia juu ya sinki. Akaifungua. Akaifunga. Akaifungua tena. Jirani mmoja aliniambia alifanya hivyo mpaka ndoo zote zikajaa, kisha akaanza kujaza vikombe.

Siku tatu za kwanza maji yalitoka vuguvugu, na watu walilifurahia jambo hilo. Wafanyakazi wa reli walikuja mmoja mmoja kunawa. "Mama, bomba yako inachemsha yenyewe," mmoja alimwambia. "Weka majani ya chai hapo juu, upumzike." Tata alicheka nao. Alinitumia salamu kwamba serikali imemletea maji yaliyopashwa moto, hivyo nimshukuru aliyechora. Nami, nikiwa mezani kwangu Thika, nilijisikia vizuri.

Wiki ya pili kulianza kuwa na harufu ya kamba iliyoungua. Majivu yakawa mazito, na tata akadhani kuni ni mbichi. Siku ya Alhamisi, karibu na saa saba, wakati mabenchi yamejaa watu, rangi katika kile kiungo ilikuwa imekwisha kuungua na katani imekuwa majivu. Maji yakatafuta njia. Mvuke ulipanda kati ya makaa kwa mlio mkali, ardhi chini ya figa moja ikalainika, figa likalala upande, na sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe ya mchana huo, ikamwagika sakafuni. Namshukuru Mungu tata alikuwa dirishani akichukua sahani. Hakuna aliyeungua. Lakini maji hayakukoma, wala hapakuwa na pa kuyafungia. Mchoro haukuwa na koki ya kufungia ndani ya nyumba, kwa sababu katika nyumba za maofisa koki hiyo ilikuwa nje, bustanini, na mtunza bustani ndiye aliyeitunza. Kwa tata koki pekee ilikuwa barabarani, chini ya kifuniko cha chuma, na ufunguo wake uliwekwa ofisini kwetu Thika.

Mfanyakazi mmoja wa reli alipanda baiskeli hadi Thika kuniita. Alifika amelowa jasho, akanieleza kwa maneno machache. Nilikwenda kwenye kabati la funguo. Ufunguo ulikuwepo, ukining'inia kwenye msumari wake mbele ya macho yangu. Daftari la kuutolea lilikuwepo pia, na lilitaka sahihi ya ofisa, ambaye alikuwa amekwenda kula. Nilimsubiri. Nilisubiri saa nzima na robo, nikiwa nimesimama, huku yule mtu wa reli akinitazama na kuutazama ufunguo. Mwishowe akauliza kwa upole, "Sasa karani, huo ufunguo unangoja nini?" Nikamjibu kwamba kuna utaratibu. Ofisa akarudi, akatia sahihi bila kusoma, tukaondoka.

Tulipofika, sakafu ya jiko ilikuwa tope. Wanaume walikuwa wamekwenda kazini bila kula. Tata alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, akisukuma maji nje kwa ubao. Nilifunga koki ya barabarani. Tata akaegemeza ubao ukutani.

"Ling'oe," alisema. "Ling'oe bomba hilo jikoni mwangu leo."

"Tata, na kibali?"

"Nimesema ling'oe."

Asubuhi yake, mezani kwangu, nikaandika. Safu ya maoni ilikuwa na upana wa vidole vinne. Ningeweza kuambatanisha karatasi ya maelezo, lakini karatasi hiyo ingelazimika kueleza mchoro wa nani ulitumika, na nani aliyejaza vipimo akiwa nje ya ukuta. Niliandika: "Mwenye jiko amekataa maji." Kila neno lingeweza kutetewa. Faili ikaenda kwa Bwana Afya, naye akaweka alama nyekundu kwenye jina la tata, alama iliyomaanisha kwamba kibali hakitatolewa upya. Zilibaki wiki tano.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea habari. Alikuwa amerudi kwenye pipa lake la mgongoni. Figa alikuwa amelisimamisha upya na kulishindilia kwa udongo mkavu. Aliniuliza kimeandikwa nini hasa, kwa maneno yenyewe. Nikamtafsiria kutoka daftari langu, ambamo nilikuwa nimeunakili mstari ule.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Nimekataa maji," alisema polepole, kama mtu anayeonja mboga iliyozidi chumvi. Akasukuma nyuma kitambaa cha kichwa, akanionyesha paji la uso. "Mimi. Huyu hapa. Nimekataa maji."

Nilifunga daftari.

"Nilikataa njia mliyoyapitishia. Hilo hukuliandika?"

"Nafasi haikutosha."

"Na ndani ya jiko langu nafasi haikutosha? Ulizunguka nje kama mtu aliyekuja kuiba kuku." Kisha akanisukumia kigoda. "Jumatatu omba ruhusa, uje mapema. Utakaa humu ndani hadi watu wamalize kula na kuondoka. Utachora unachokiona. Usichokiona, usikichore."

"Tata, mimi ni mwanamume mzima. Nikae jikoni?"

"Uanaume wako uliniloweshea sakafu. Utakaa."

Niliomba ruhusa ya siku moja, na Jumatatu nilikaa. Niliketi kwenye kigoda kando ya ukuta tangu alfajiri, macho yakichuruzika kwa moshi, daftari juu ya goti. Wanawake wawili waliomsaidia tata walinisalimu kwa adabu, kisha mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti niliyotakiwa kuisikia, "Leo tumepata mpishi wa serikali." Mwenzake akauliza kama anajua kumenya viazi au anaandika tu kwamba vimemenywa.

Nilichokiona ndicho ningependa kiwafikie wanaobomoa na kujenga upya majiko yao siku hizi, ambao huanza kwa kuchagua rangi ya vigae kwenye magazeti. Niliona kwamba tata alihitaji maji mahali pawili: kwenye sufuria na kwenye vyombo vichafu, na kwamba vyote viwili alivileta dirishani, kwenye mwanga. Kwa hiyo sinki mahali pake palikuwa chini ya dirisha, na si mkabala nalo. Niliona kwamba dirisha hilo liko kwenye ukuta ulio karibu na bomba la barabara, kwa hiyo maji yangeweza kuingia kwa njia fupi, yakifuata ukuta kwa nje na kutoboa mara moja tu, bila kugusa sakafu. Bomba linaloonekana hutengenezwa kabla ya chakula kumwagika, kwa kuwa kiungo kikianza kutoa machozi kila mtu hukiona. Niliona pia kwamba maji machafu aliyamwaga nyuma, upande wa migomba, kwa sababu ardhi ililala huko. Mchoro wa ofisi ulikuwa umeyapeleka mbele, yapande mlima. Nilipomwambia tata hivyo, alichukua kikombe cha maji akayamwaga uwanjani, tukasimama wote wawili tukiyatazama yanavyokwenda. Hicho ndicho kipimo cha mteremko nilichokitumia tangu siku hiyo, na hakijawahi kunidanganya.

Koki ya kufungia niliichora karibu na mlango, kwa kimo cha goti, mahali ambapo mtu anayekimbia kutoka nje angeikuta kwa mkono. Chini ya sinki nilichora bomba lililopindwa kama shingo ya bata, ili maji kidogo yabaki pale na kuzuia harufu isirudi ndani. Nje nilichora kisanduku cha saruji chenye mfuniko, kwa sababu niliona mafuta ya nyama yakiganda kwenye beseni, na nikaelewa kwamba yangeganda vilevile ndani ya bomba. Mwisho, katikati ya karatasi, nilichora miviringo mitatu midogo. Tata aliinama juu ya bega langu.

"Hayo ni nini?"

"Mafiga."

"Makubwa kuliko hivyo," alisema. Nikayafuta, nikayachora makubwa zaidi.

Mchoro mpya haukuwa na muhuri, na fundi hakutaka kuugusa. Tulikutana naye kwenye benchi la tata. Aliugeuza huku na huku, akautazama kwa nyuma.

"Karani, hii ni nzuri. Lakini iko uchi."

"Nitaitia sahihi yangu."

"Sahihi yako inaweza kufunga mtu?"

"Inaweza kunifungisha mimi," nilimjibu.

Akafikiri, akacheka kidogo puani, akasema basi hiyo inatosha. Nilitia sahihi na cheo changu chini ya karatasi, jambo ambalo karani wa daraja langu hakuruhusiwa kulifanya. Safari hii tata alikuwepo kazi ilipofanyika, na fundi alimuuliza kila hatua: mama, hapa? mama, juu kidogo? Alimpimia kimo cha sinki kwa kumwambia aning'inize mikono. Kwenye mchoro wa ofisi sinki lilikuwa na kimo cha mpishi mrefu wa mtu mwingine. Bomba la zamani alilivuta kutoka chini ya mafiga jinsi alivyoliingiza, bila kutingisha jiwe, nami nikafungua tena koki ya barabarani.

Ilibaki faili. Siku nne kabla ya kibali kwisha, Bwana Afya alikuja Ruiru kwa ukaguzi wa mwisho, nami nikaagizwa kumbebea mafaili. Aliingia jikoni kwa tata akiwa amefungua ukurasa wenye alama nyekundu. Akaona sinki. Akafungua koki, maji yakatoka baridi. Akaenda nyuma, akainua mfuniko wa kisanduku, akanusa, akaufunika. Kisha akarudi na kusoma tena mstari wangu.

"Hapa inasema mama amekataa maji," alisema kwa Kiswahili chake. "Sasa maji hii imetoka wapi?"

Tata alikuwa akipangusa mwiko. Alinitazama mimi, wala hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni. Kama ningenyamaza, Bwana Afya angeweza kuamini faili na kuyaita maji yale ya wizi. Hilo lilikwisha kutokea kwingine, na mwenye jiko alipoteza kibali. Kama ningesema, ningekuwa nimekiri mbele ya mkubwa kwamba niliandika jambo lisilo la kweli na kutia sahihi mchoro usio na muhuri.

"Mama hakukataa maji, bwana," nilisema. "Mchoro ulikuwa na makosa, na vipimo nilijaza mimi bila kuingia ndani. Bomba lilipita chini ya moto. Nilichoandika si kweli."

Alitazama mafiga. Nadhani alikuwa akiyaona kwa mara ya kwanza, ingawa alikwisha kukagua jiko hilo. Akauliza mchoro mpya uko wapi. Nikampa. Aliusoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaona sahihi yangu, akaukunja na kuutia mfukoni mwa koti. Sikuuona tena. Kisha akanyoosha faili kwangu.

"Andika sawasawa," alisema.

Katika safu ya maoni palibaki nafasi ya upana wa vidole viwili. Nilifikiria nini kiandikwe hapo: mchoro, uzi wenye mafundo, katani, ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye msumari. Bwana Afya alikuwa akitazama saa. Nikaandika, "Maji yapo." Akaweka sahihi yake juu ya alama nyekundu, na kibali kikatolewa. Tata alipika hapo hadi magoti yalipomkataza. Mimi nilipata barua ya onyo, ambayo ninayo hadi leo, na kupandishwa kwangu cheo kukacheleweshwa.

Yule msomi, kwa hiyo, alisoma sawasawa kilichoandikwa. Kosa si lake. Nimemwandikia barua na kumwomba aambatanishe kurasa hizi na nakala yake, katika nafasi iliyo kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Nimechora upya, kadiri ninavyokumbuka, jiko lile: dirisha, sinki, koki mlangoni, mteremko wa kuelekea migomba. Mafiga nimeyachora makubwa.